Nyoka wa Uyole

Gari langu ni Corolla mia na kumi. Odometa inasoma kilometa 287,000 na ushee, lakini hesabu ya kweli anaijua Mungu na yule Mjapani wa kwanza. Likiwa mwendoni, ni gari kama magari mengine. Likisimama tu, ni mashine ya kusaga. Sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, inapanda, inashuka, dashibodi inatikisika mpaka droo inafunguka yenyewe na kumtemea abiria risiti mapajani. Kwenye sait mira bajaji moja nilikuwa naiona mbili.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Dereva wa bajaji akasema plagi. Nikabadili plagi zote nne. Jirani akasema ea klina, nikanunua. Shemeji akapiga simu kutoka Dar akasema, bila kuliona, kwamba hiyo ni throto chafu, yaani ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Nikaisugua ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Tetemeko palepale.

Nikaja kujua kwamba hizi Toyota za zamani unaweza kuzihoji bila mashine ya kupimia. Unafungua kile kiboksi kwenye injini, unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Nilikaa na kalamu na daftari la mtoto. Taa ikapepesa sawasawa, bila kupumzika, na maana yake ni kwamba hakuna kosa lililorekodiwa. Gari lenyewe limekana kuumwa!

Ikafika Jumamosi moja ya Julai, Mbeya ile ya makoti mawili. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Tukuyu na nilitakiwa kumpokea Uyole saa nne. Saa mbili nikasema hapana, mama hawezi kupanda mashine ya kusaga, leo nalimaliza mwenyewe. Kuna kipimo cha kizamani: injini ikiwa inaunguruma, unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Ukichomoa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyolala.

Waya wa kwanza, injini ikayumba zaidi. Silinda nzima. Waya wa pili niliushika huku nimeegemea fenda iliyoloa umande. Shoti iliyonipiga, nilimwita marehemu babu kwa jina lake la utotoni. Mkono ukaruka, ukakipiga kile kifimbo kinachoshikilia boneti, boneti likaniangukia kisogoni. Katika kujinasua nikazoa waya zote kwa kiwiko, injini ikazima.

Mama watoto akatokea mlangoni na mwiko. "Limepona?"

"Bado kidogo."

Nikarudisha waya. Mrefu kwa mrefu, mfupi kwa mfupi. Zile mbili za katikati zinafanana urefu, nikaona hazina shida. Nikawasha. PAA! Kuku wa jirani wakahama.

Saa zilikuwa zimekwenda. Nikaondoka hivyohivyo na silinda mbili, gari linakohoa na kupasua, roho mkononi. Kilima kidogo tu, guta la mbao likanipita. Nilipofika Uyole nikaachia mafuta ili nisimame, likapasua moja la kufunga kazi. Muuza maparachichi akalala juu ya bidhaa zake. Na mama mkwe huyo hapo, amesimama na mkungu wake wa ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hiyo bunduki ya nini?"

Kijana mmoja fundi, ovaroli imekauka kwa grisi, akaja bila kuitwa. Akafungua boneti, akafuata waya kwa kidole kutoka kwenye distributa, kile kigawa moto, mpaka kwenye plagi. Silinda za hizi injini zinachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Mimi nilikuwa nimezibadilisha waya za silinda ya pili na ya tatu.

"Bosi, nani amekupangia waya hizi?"

"Kuna fundi mmoja hivi, kule mjini."

"Huyo usimrudie."

"Mwanangu," mama akaingilia, "ni yeye mwenyewe. Binti yangu amenipigia simu asubuhi."

Fundi akainamisha kichwa kwenye injini, mabega yanamtikisika. Waya zikabadilishwa, mlipuko ukaisha, tukarudi kwenye tetemeko la siku zote. Hapo mama akasogea, akatega sikio, akarudi nyuma ghafla. "Humu kuna nyoka!"

Kundi lote la watazamaji lilitawanyika, na mimi, nakiri, nilikuwa mbele yao. Alibaki fundi peke yake. Akasikiliza: ssssss. Akapitisha kidole chini ya ule mpira unaotoka kwenye kava ya vali, juu ya injini, kwenda manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, akabana. Injini ikatulia. Ikatulia kabisa! Nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu nilinunue, saa yangu ya mkononi ikigonga.

Mpira ulikuwa umepasuka kwa chini, upande usioonekana. Hewa ilikuwa inaingia kwa wizi bila kupita kwenye throto. Ukikanyaga mafuta, hewa ya halali inakuwa nyingi, ile ya wizi haina madhara; ukisimama, ndiyo inavuruga kila kitu. Nami miezi yote najisifu kwamba gari langu linapenda safari.

Fundi akakata pale palipooza, akachomeka upya, akafunga kwa kipande cha tyubu. "Elfu tano, bosi."

Nikapapasa mifuko. Hela yote ilikuwa imeishia kwenye plagi. Mama mkwe akafungua pindo la kanga, akahesabu noti taratibu, moja moja, watu wote wakiangalia.

"Ndaga fijo, mwanangu," akamshukuru fundi kwa Kinyakyusa. Kisha akanigeukia. "Panda, mkwe. Ukifika nyumbani usiguse kitu."