Kifo Anaposimulia: Mbinu Mbili katika The Book Thief

Rudy Steiner, mvulana mwenye nywele za rangi ya limau, amesimama ndani ya mto Amper mwezi wa Desemba, maji ya baridi kali yakimfika kiunoni. Mkononi ameshika kitabu alichokiopoa, na anamwomba Liesel Meminger, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu wa The Book Thief, ambusu. Hapo hapo, kabla Rudy hajatoka majini, msimulizi anatufahamisha kwamba kijana huyu atakufa na kwamba hakustahili kufa vile alivyokufa. Ndivyo Markus Zusak alivyoijenga riwaya hii ya mwaka 2005, inayohusu Ujerumani ya Wanazi: msimulizi ni Kifo mwenyewe, na siri zake anazitoa mapema.

Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba kisengere mbele cha namna hii, yaani kudokeza mapema yatakayotokea, kinaua taharuki, na malalamiko yao si ya kupuuzwa, kwa sababu kijana anayeanza kupenda vitabu mara nyingi huvutwa na hamu ya kujua mwisho. Hata hivyo, naona taharuki haifi hapa, bali inahama. Swali si tena kama Rudy atakufa, ila ni muda gani tumebakiwa naye, na kila mara anapoomba busu akanyimwa, msomaji anaumia kwa jambo ambalo Liesel halijui. Liesel anapoukuta mwili wake kwenye kifusi na hatimaye kumbusu midomo iliyojaa vumbi, hatushtuki, kwa kuwa tulikwisha kuanza kuomboleza zamani. Mbinu hii pia ina ukweli ndani yake. Riwaya ya vita inayoficha nani atakufa ili itushtue mwishoni hukigeuza kifo kuwa kitendawili, ilhali watu walioishi chini ya mabomu walijua wazi wanachokingoja kila waliposhuka kwenye vyumba vya chini ya nyumba.

Kinaya, yaani mambo kuwa kinyume na yanavyotarajiwa, kinaikamilisha kazi hiyo. Mtaa wa akina Liesel na Rudy, unaoangamizwa kwa mabomu, unaitwa Himmel, neno la Kijerumani lenye maana ya mbingu, na usiku wa mwisho ving'ora vinachelewa kulia. Liesel ananusurika kwa kuwa alikuwa akiandika katika chumba cha chini ambacho wakaguzi walikwisha kusema hakina kina cha kutosha kuwakinga watu.

Linalonisumbua zaidi ni mbinu ya pili, tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu sifa za mtu. Katika Kiswahili, kiambishi kimoja kinatosha kulifanya jambo hili: kifo kinakuja, Kifo anakuja. Mara tu tunaposema “anakuja”, tumempa moyo na uchovu, na hata haki ya kuhurumiwa. Kifo wa Zusak amechoka, huzibeba roho za watoto mikononi kwa upole, na hutazama rangi za anga ili apumzishe akili. Wanaoipinga mbinu hii wanahofia kwamba vita hugeuka kuwa kama mvua au kiangazi, jambo linalotokea bila mtendaji. Kuna mahali Kifo anavifananisha vita na bosi asiyetosheka, anayedai kazi zaidi hata baada ya kazi kwisha. Picha hiyo ni nzuri, na hatari yake imo humo humo, maana bosi huyo hana jina. Kambi ya mateso ya Dachau, ambayo riwaya inatuonyesha Wayahudi wakiswagwa kuelekea huko, ilifunguliwa mwaka 1933 na serikali iliyojulikana, na walioiendesha walikuwa watu. Kijana asiyeijua historia hiyo anaweza kumaliza kitabu akimwonea huruma msimulizi kuliko wale waliokuwa wakitembezwa barabarani. Sidhani kama mwandishi ameikwepa kabisa hatari hii. Zipo kauli za Kifo zinazotia asali pale palipopaswa kubaki pachungu.

Lakini riwaya ina jibu lake, nalo halitoki kinywani mwa Kifo. Max Vandenburg, Myahudi aliyefichwa katika chumba cha chini cha akina Hubermann, walezi wa Liesel, anachana kurasa za Mein Kampf, kitabu cha Hitler, anazipaka rangi nyeupe, na kuzitundika kwenye kamba zikauke. Juu yake anamchorea na kumwandikia Liesel hadithi, ili iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hapa vita vina chanzo kinachoshikika mkononi: mtu aliandika kitabu, wengi wakakikubali, na mmoja wa waliokusudiwa kuangamizwa anaandika juu ya karatasi zile zile. Mwalimu anayefundisha tashihisi ya riwaya hii bila kuwasimamisha wanafunzi kwenye kurasa hizo anawapa nusu ya kitabu. Afadhali wazitazame kwa utulivu, kwa sababu zimechapishwa jinsi Max alivyoziacha, na chini ya mchoro wa mtu mwenye umbo la ndege, kupitia rangi nyeupe isiyotosha kufunika, maneno ya Hitler bado yanaonekana.