Mwenye Vitz naye apokelewe

Watu wa Mwanza tunajisifia ukarimu, na mimi sina ugomvi na hilo. Ingia nyumba yoyote ya Pasiansi au Igoma saa saba mchana, hata kama umekuja kuulizia njia tu, utanawishwa mikono kabla hujamaliza kueleza shida yako. Ninachobisha ni kwamba ukarimu huo ni wa nyumbani. Ukitoka sebuleni ukaenda kwenye kikundi, iwe cha mbio za asubuhi, cha kuweka na kukopa au cha vijana wenye magari ya spoti, ambacho ndicho ninachotaka kukizungumzia, karibu ile ile inageuka mtihani. Watakuacha umesimama mpaka wajue umekuja na nini.

Huku Uingereza mambo yako kinyume. Kwa Mwingereza huendi bila kupeana miadi. Ukienda ghafla atafungua mlango nusu, atakusikiliza hapo hapo kizingitini, kwa adabu zote, na chai utakwenda kunywa kwako. Lakini mtu huyo huyo mkute Jumapili asubuhi kwenye mkusanyiko wa klabu yake ya magari, utadhani mmezaliwa tumbo moja.

Mimi ni dereva wa basi la abiria hapa Coventry. Ndiyo mji ambao biashara ya kuunda magari ya Waingereza ilianzia, pale kampuni ya Daimler ilipochukua kiwanda kikuukuu cha pamba mwaka 1896. (Sisi tuliolelewa na fedha za pamba, habari hiyo haitupiti hivi hivi.) Siku za mapumziko naendesha Mazda MX-5 ya zamani, kale kagari ka watu wawili kanakofunguka paa, ambako Mazda walikaonyesha kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Si gari la kutisha. Injini yake ni cc 1,600, na Waingereza wenyewe hulitania kwamba ni gari la msusi wa saluni. Kwa hiyo nilipoamua kwenda kwenye mkusanyiko nilijiandaa kuchekwa mara mbili: kwa gari na kwa kuwa mwanamke mweusi peke yangu katikati ya wazee wenye kofia za bapa.

Sikuchekwa. Nilipoingia kwenye uwanja wa maegesho alinifuata mzee mmoja aliyevaa kizibao cha njano kinachong'aa, kama vile vya trafiki. Akanionyesha pa kuegesha, mstari wa mbele, kati ya magari mawili ya wenyeji. Hakuuliza cc. Aliuliza nimelipataje gari langu. Nikamweleza lilivyokuwa limeoza chini ya milango, maana chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi hula bati la gari kama mchwa. Akaitikia kwa kichwa, akaniongoza hadi kwa mama mmoja aliyekuwa amechomelewa milango ya gari kama langu, akatutambulisha kwa majina, akaondoka kufuata gari jingine lililokuwa linaingia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ile ni zamu. Kila mkusanyiko kuna mmoja anayevaa kizibao, na siku hiyo hana kazi nyingine: haonyeshi gari lake wala hapigi soga na rafiki zake. Kazi yake ni mgeni, na mgeni haachwi mpaka apate wa kuongea naye.

Tusidanganyane kwamba Waingereza wana mioyo laini kuliko yetu. Wamejua tu kwamba jambo ambalo ni la kila mtu halifanywi na mtu yeyote, wakamkabidhi mmoja. Klabu hizi ni za miaka mingi, ile ya wenye magari ya MG ilianzishwa mwaka 1930, na wazee wanakufa. Bila sura mpya, baada ya muda wanabaki na kikombe na picha za ukutani.

Sasa njoo nyumbani. Mtoto wa kaka yangu amenunua gari lake la kwanza, Toyota Vitz, kwa fedha za kuuza dagaa Kirumba. Amelifunga rimu pana, amelishusha kidogo, ameweka taa nyeupe na eksozi yenye sauti inayozidi umbo la gari lenyewe. Jumapili jioni kuna vijana hukutana kando ya ziwa, upande wa Capri Point, wenye Subaru, Altezza, Crown na Mark X, nyama na sato zikichomwa pembeni. Pazuri sana pale. Jua linashuka nyuma ya mawe, korongo wamejipanga juu ya miti kama wazee wa baraza, na ole wake aliyeegesha gari jeupe chini yao. Kijana wangu akaoga, akapiga gari polishi, akaenda.

"Shangazi, nilisalimia wote wakaitikia. Basi, ikaishia hapo."

Hapana, haikuishia hapo. Alikuja mmoja, akainama kuangalia namba ya nyuma, halafu rimu, halafu akauliza ni cc ngapi. Akamjibu tisa tisini. Yule akatabasamu, wala si kwa ubaya, akamwambia, "Mdogo wangu, paki kule kwa wateja." Yaani kule kwa watu waliokuja kula samaki. Kijana akapaki kwa wateja, akanunua soda, akaitazama Altezza kwa mbali, akarudi zake Pasiansi. Hajaenda tena peke yake.

Mimi mwenyewe yalinikuta likizo iliyopita nilipomwomba kaka Mark II Grande yake tukaenda na huyo huyo kijana. Safari hii gari lilipita mtihani. Vijana wakasogea, "Shikamoo mama," nikaitikia, halafu maswali yote kuhusu injini wakamuuliza yeye, aliyekuwa kiti cha abiria, ilhali ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Heshima nilipewa tele, kiti nikaletewa na kufutiwa vumbi. Ila hakuna aliyetaka kujua mama huyu anaendesha nini huko anakoishi. Nilikuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima haulizwi habari za gia.

Ile kuinama kuangalia namba naielewa. Kwetu namba ya gari inasema limesajiliwa zamani au juzi, kwa hiyo mwenye namba E anatembea kifua mbele, na mwenye namba A anaegesha kinyumenyume ukutani. Hata serikali inatufundisha hivyo, maana ukiagiza gari kuukuu kutoka Japani unaongezewa ushuru wa uchakavu. Huku nako namba inataja umri: tangu mwaka 2001 tarakimu mbili za katikati zinaonyesha gari liliingia barabarani lini. Lakini gari likitimiza miaka 40 linaweza kusajiliwa kama la kihistoria na kusamehewa kodi ya barabara, na mwenye nalo huwekwa mbele watu wampige picha. Kwa hiyo siwalaumu vijana wa Capri Point kwa kila kitu. Walichojifunza ndicho wanachopimia.

Ila jambo la msafara nawalaumu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema imekuwa tamu. Zamani ulipanga foleni ya kivuko mpaka hamu ya safari ikaisha. Siku hizi unavuka kilomita 3 hivi za maji huku umeshusha vioo. Kila kikundi cha magari lazima kikapige picha. Na kila msafara ni ule ule: wenye turbo wanaondoka Buhongwa kama wamefukuzwa, wanapunguza kwenye vibao vya 50 kwa hofu ya tochi ya trafiki ya kupima mwendo, wakivuka kibao wanapotea. Mgeni mwenye injini ndogo anafika njia panda ya Usagara hajui wamekunja au wamenyoosha. Akipiga simu haipokelewi, watu wanaendesha. Akifika darajani, wenzake wameshapiga picha wanageuza.

Utaratibu wa klabu za huku Uingereza ni rahisi, hauhitaji shilingi wala redio. Kila dereva anamchunga aliye nyuma yake. Ukifika pa kukunja, husogei mpaka aliye nyuma akuone unakunja. Na gari la mwisho kabisa linaendeshwa na mwenyeji anayeijua njia, ambaye hampiti mtu. Ukisimama kufunga boneti, naye anasimama. Mgeni anawekwa katikati. Kwa mtindo huo Vitz ya cc 990 inafika Sengerema sawasawa na Subaru, na mwenye Subaru hapotezi chochote isipokuwa dakika chache na ile raha ya kusubiriwa na watu.

Nisije nikaonekana nimekunywa maji ya Uingereza nikasahau ya ziwani. Kuna mahali ukarimu wa Wazungu unakatika, na unakatika ghafla. Saa sita mchana mkusanyiko umekwisha, kila mtu ndani ya gari lake, tunapungiana mikono, kwaheri. Wenye MX-5 wana desturi ya kupungiana hata wakipishana barabarani hawajuani, na naipenda. Lakini kulikuwa na bwana mmoja ambaye tuliegesha ubavu kwa ubavu majira yote ya joto. Tumezungumza breki, matairi, paa linalovuja. Mke wake alikuwa amefariki tangu masika, na mimi nilikuja kujua vuli, tena kwa mtu mwingine, kwa kupitiwa tu kwenye mazungumzo. Nilipomwendea kumpa pole alinishukuru, halafu akaniuliza kama nimebadilisha oili. Sikuwa na hasira naye. Nilijisikia mjinga, mtu wa Usukumani, kukaa na mfiwa miezi yote hiyo nikimweleza habari za matairi.

Wale wa Capri Point wangekuwa wameshafika msibani. Nasema kwa ushahidi: mwenzao alipofiwa na baba yake huko Magu walikwenda wote, yale magari yaliyoshushwa chini yakapita njia ya vumbi yakikwangua matumbo, wakabeba ndugu wa marehemu, wakachangisha rambirambi, wakalala nje kwenye mkeka pamoja na wanaume wa ukoo. Waliyoyafanya pale hakuna klabu ya hapa Coventry itakayoyafanya hata ikiishi miaka mia mbili. Ukishakuwa wao, umekuwa wao. Basi uchungu wangu uko hapo hapo: kitu kizuri kiasi hicho kimewekewa mlango mwembamba, na anayezuia hata hajui kwamba anazuia.

Wala si kwamba Wasukuma hatujui kupokea watu kwenye kikundi. Ngoma zetu za Bagika na Bagalu, pande mbili zinazopingana, ni mashindano tangu enzi za mababu, na mshindi huwa ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Mchezaji hodari anayetazamwa na watu kumi kashindwa na wa kawaida anayetazamwa na mia. Kwa hiyo pale hakuna anayemwambia mtazamaji akasimame na wateja. Nenda Bujora wakati wa Bulabo, tamasha letu la ngoma, mwezi wa sita, uone wanavyokuita kwa mikono, kwa nyoka, kwa vituko, ili mradi usigeuze shingo upande wa pili. Hawa vijana wetu ni wajukuu wa watu hao, na gari lenye eksozi ile ni ngoma tosha. Wamesahau tu kwamba ngoma inahitaji duara.

Nilimwambia haya mmoja wao, kijana mwelewa, ndiye anayekusanya michango yao. Hakunikatalia. Alisema kizibao hawezi kuvaa, watu watamwomba leseni. Sawa, avae fulana yoyote. Alikubali kwamba mwenye gari dogo anaweza kuwekwa katikati ya msafara, na kwamba swali la cc linaweza kusubiri mpaka mtu ameshakaa. Dada zetu wanaoendesha, alisema, huwa hawaji wenyewe. Nikamuuliza wangapi wamewahi kuulizwa wao, si shemeji aliyekaa pembeni, gari linatembeaje. Akacheka.

Alichokishikilia ni usalama. Wamewahi kuibiwa vioo vya pembeni watu wakiwa wanakula, na tangu hapo sura ngeni wanaitazama mara mbili. Kioo cha Crown si bei ya mchezo, hilo namkubalia, na mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini kama ni hofu, basi ndiyo sababu zaidi ya kumfuata mgeni akiwa bado hajashuka, kumuuliza jina na anakotoka, kuandika namba yake ya simu na ya gari, na kumkalisha katikati ya watu ambako kila mtu anamwona. Mwizi wa vioo anakuja kwa miguu, giza likishaingia. Haji saa kumi jioni na Vitz iliyopigwa polishi, yenye namba iliyosajiliwa kwa jina lake, akanunua soda na kungoja mtu amsogelee.