Duka la mawe la Kilauea lina upande hausimuliwi

Kule Kilauea, kisiwa cha Kauai, Hawaii, kuna duka la mawe linaitwa Kong Lung, kampuni ya shamba la miwa ililijenga mwanzoni mwa miaka ya 1940 na siku hizi watalii wanaingia kununua vitu vya mapambo na kupiga picha. Jengo ni zuri, silikatai. Ninachokataa ni hii stori ya "enzi tamu za shamba" inayosimuliwa pamoja nalo.

Anza na mawe yenyewe. Mtu akiyaona anadhani kampuni ilitaka kujenga kifahari, kumbe mawe yalikuwa kero, ardhi ile ni ya volkano na imejaa mawe, jembe likigonga ni hasara, kwa hiyo lazima yaondolewe shambani, na waliokuwa wanafanya kazi hizo ni vibarua, Wajapani, Wachina, Wareno, Wafilipino. Yani takataka ya shamba ndo leo iko kwenye rejista ya majengo ya kihistoria ya Marekani!

Halafu kuna habari ya kukopa, hapa ndo penyewe. Kwenye mashamba ya Hawaii kibarua alipewa kipande cha chuma chenye namba, akienda dukani anachukua mchele wake na mafuta ya taa, anaandikiwa kwa namba ile, mshahara ukitoka deni linakatwa kwanza yeye anapewa kilichobaki, kama kimebaki. Najua wapo watakaosema mkopo uliwaokoa watu wasilale njaa. Sawa, lakini bosi anayekulipa kiduchu ndo huyo huyo mwenye nyumba unayolala na mwenye jengo la duka, sasa utamkimbilia nani?

Mwaka 1946 vibarua kama 26,000 waligoma siku 79 visiwa vizima, na moja ya walichopata ni marupurupu ya nyumba na matibabu, yaani vile vitu walivyopewa na kampuni badala ya pesa, kugeuzwa kuwa pesa taslimu. Hilo husikii sana. Ila kwamba Liliuokalani, kabla hajawa malkia wa Hawaii, alipigilia msumari wa kwanza wa reli ya shamba la Kilauea mwaka 1881, utaambiwa fasta, ya wakubwa hayasahauliki.

Shamba lilifungwa 1971, duka bado linauza. Mi ningeweka ukurasa wa daftari la deni pale mlangoni, namba ya mtu, alichochukua, kilichokatwa, kilichobaki, watalii wausome kabla hawajatoa kadi zao kulipa.