Mwaka Mpya wa Kiporo

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba kandokando ya barabara, Posta, Dar es Salaam, kikiwa hakina jalada wala zile kurasa za mwanzo ambazo huandikwa mwaka wa kuchapishwa, na upungufu huo ndio uliokuja kunitia aibu mbele ya ukoo mzima.

Kilikuwa kitabu cha safari, na mwandishi wake alikuwa amefika Kiribati, nchi ya visiwa 33 vilivyotawanyika katikati ya Bahari ya Pasifiki, pande zote mbili za ikweta. Nilipofika mahali anapoeleza kwamba wenyeji hula samaki, nazi na shelisheli, nilijiona kama ninasoma habari za ndugu zangu wa Pemba, nikapitishwa kituo cha daladala mara mbili. Lakini kilichonishika hasa ni sura ya kisiwa cha Kiritimati, ambacho, kwa maelezo yake, kilifuata saa na tarehe za Hawaii. Nikapiga hesabu: usiku wa manane wa kuamkia Januari mosi kule ni saa saba mchana wa Januari mosi kwetu, yaani sisi tumekwisha kulala, kuamka na kunywa chai, wao ndio kwanza wanauingia mwaka.

Basi siku ya Mwaka Mpya tulikuwa tumekusanyika Tanga kwa shangazi. Pilau lilikuwa limeiva, sinia zimefunikwa kawa, na watoto wamekwisha kunawa mikono, nami nikasimama na kuomba tusubiri saa saba kamili ili tuwapokee watu wa Kiritimati.

“Mwanangu, chakula kinapoa,” alisema shangazi.

“Shangazi, nivumilie dakika ishirini tu.”

Dakika hizo nilizijaza kwa mhadhara. Nilifika hata kudai kwamba majina hayo yanayoanza na “ki” yanaonyesha huenda wazee wetu walichukuliwa na pepo za kusi wakatokea huko, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Saa saba ilipotimia tulihesabu kutoka kumi hadi moja, nikapiga kelele za shangwe, na mama mmoja mwenye huruma akanisaidia kwa kigelegele kimoja.

Hapo ndipo binti wa kaka yangu, aliye kidato cha pili, alipoinua macho kutoka kwenye simu. “Baba mdogo, hapa wanasema wao walisherehekea jana, saa hii hii.”

Nilimwambia simu yake ina kasoro. Akasoma kwa sauti, bila haraka, kwamba zamani mstari wa tarehe, ule wa kufikirika unaotenganisha siku moja na inayofuata, uliikata nchi hiyo vipande viwili, kiasi kwamba Tarawa, kwenye makao makuu, ikiwa Jumatatu, Kiritimati ilikuwa bado Jumapili, na ofisi za pande hizo zilibakiwa na siku nne tu za kazi kwa wiki za kuwasiliana. Mwanzoni mwa 1995 serikali ikausogeza mstari huo mashariki, na Kiritimati, iliyokuwa miongoni mwa wa mwisho duniani kuuona mwaka mpya, ikawa ya kwanza. Saa ya huko haikubadilika hata dakika moja; iliyobadilika ni tarehe. Hesabu yangu, kwa hiyo, ilikuwa sahihi kabisa, ila nilichelewa kwa saa 24.

“Halafu,” akaendelea, na ningempa hata nauli anyamaze, “kwao herufi ‘ti’ husomwa kama ‘s’. Kiribati ni ‘Kiribas’, jina la Kiingereza la visiwa vya Gilbert walivyolitamka wao. Na Kiritimati ni Krismasi tu, kwa sababu nahodha James Cook alikiona mkesha wa Krismasi wa 1777.”

Pepo zangu za kusi zikatulia.

Shangazi hakusema neno. Aliwapakulia wengine pilau na kachumbari, kisha akaingia jikoni, akarudi na sahani ya wali na maharage ya usiku uliopita, akaiweka mbele yangu kwa heshima zote, akasema kwamba anayesherehekea mwaka wa jana atakula cha jana.