Oili ya Oslo kwenye Jua la Mombo

Ukifungua boneti popote Dar es Salaam, hata kama umeifungua kumtoa paka, hazipiti dakika mbili utakuta wanaume wanne wamekuzunguka, na wa kwanza kufungua kinywa atauliza: "Unatumia oili gani?" Taja namba yoyote, umekosea. Mmoja atakwambia kwa joto hili bila 20W-50 injini haikawii kufa. Wa pili atasema hapana, hizi IST na Passo oili nzito inazichosha na kuzilisha mafuta bure, weka nyepesi kama mfuniko wenyewe ulivyoandikwa. Wa tatu huweka iliyopo dukani. Wa nne hana gari, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Nyumbani kwetu mjadala huo ulikwisha zamani. Marehemu baba alituachia Mark II, GX 90, silinda sita, gari ya heshima ambayo mita yake ya kilomita ilikatika ikiwa imeshaona mengi. Fundi alikuwa anaiwekea 20W-50, ikifika wakati anamwaga, anaweka nyingine, maisha yanaendelea.

Halafu Januari akaja Ba'mdogo kutoka Oslo.

Ba'mdogo ameishi Norwei tangu mimi nasoma shule ya msingi. Ni mtu mwema sana, tatizo lake ni kwamba kila kitu cha hapa anakipima kwa cha kule. Alitangulizia kontena lenye friji, baiskeli, makoti ambayo mpaka leo hatujui tutayavaa wapi, na dumu la oili, 0W-20. Alipoona chupa ya oili yetu uani alishika kichwa. "Hii ni lami! Mnaiwekea gari lami?"

Mama akaichukua ile dumu yake, akaisoma mara mbili. "Shemeji, hapa wameandika sifuri."

"Ndiyo, shemeji."

"Unataka kuweka sifuri kwenye gari ya marehemu kaka yako?"

Ba'mdogo akavuta kiti, akafundisha. Namba ya kabla ya W ni ya baridi, kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyotembea upesi injini ikiwa imelala kwenye baridi. Yenye sifuri hupimwa kama pampu inaweza kuivuta hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Ya nyuma ni uzito wake ikiwa imechemka, kwenye nyuzi 100. Alieleza vizuri, na yote yalikuwa kweli. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na Same ni ngapi chini ya sifuri?"

Maana safari yetu ilikuwa ya Same, kupeleka posa ya mdogo wangu. Ba'mdogo ndiye mkuu wa msafara, na mkuu wa msafara habishiwi. Ijumaa jioni akajilaza mwenyewe chini ya gari na spana namba 14, akamwaga "lami" yote, akamimina ya Oslo. Asubuhi gari iliwaka kwa utulivu ambao hatukuwahi kuusikia. Ba'mdogo alinitazama tu, hakusema kitu. Alikuwa ameshinda.

Nikashika usukani, Ba'mdogo mbele, nyuma shangazi na mzee mshenga, katikati yao sufuria jipya la kupikia pilau, zawadi ya mama wa binti, limefungwa utepe mwekundu. Bwana harusi mtarajiwa alibaki Dar akipiga simu kila tukipita mji. Chalinze salama. Segera tukasimama kununua machungwa, injini ikiwa inaunguruma palepale, na kwenye dashibodi ile taa ya kibirika chenye tone ikakonyeza. Mara moja. Nikakanyaga mafuta kidogo, ikazima.

"Ba'mdogo, taa ya oili."

"Hiyo ni sensa, mwanangu. Gari za zamani sensa zinachoka."

Korogwe sensa ilikuwa imechoka kweli, maana kila nikipunguza mwendo inawaka na kutulia. Tukasimamishwa na trafiki. Alikagua leseni, akazunguka nyuma, akarudi dirishani akijipepea. "Mzee, mnapuliza dawa ya mbu?" Nikatazama kioo. Moshi wa bluu ulikuwa umefunika pikipiki mbili na mama mwenye ndoo ya mahindi ya kuchemsha. Shangazi akaanza kusali, si kwa siri. Simu ikaita: "Kaka, mmefika wapi?" Nikamwambia tupo vizuri.

Kutoka Korogwe kwenda Mombo ni mkonge kushoto na Usambara kulia, na mchana wa Januari lami yenyewe inameremeta. Tumejaa watu, kiyoyozi kiko mwisho kwa sababu mshenga amevaa suti. Tulipokaribia Mombo injini ikaanza kugonga kwa chini, ko, ko, ko, ule mlio unaoufanya mguu utoke wenyewe kwenye mafuta. Nikaingiza gari chini ya mwarobaini, nikazima. Hata Ba'mdogo hakutaja sensa.

Fundi alitokea bila kuitwa. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imeshuka chini ya alama. Akachukua kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, akavisugua, akavitenganisha taratibu machoni pa Ba'mdogo. Hakuna kilichonata. "Mzee, hii mmenunua wapi?"

"Norwei."

"Basi ingebaki Norwei."

Dukani palikuwa na chupa za lita moja za bodaboda tu, 20W-50. Tukazinunua zote zilizokuwepo. Kuchanganya kusingekuwa na ubaya, lakini fundi alishaamua kumwaga yote. Akaingia uvunguni, akauliza, "Mna chombo? Karai langu limetoboka."

Kimya. Macho yakatembea yenyewe mpaka kiti cha nyuma.

"Haiwezekani," alisema shangazi akilikumbatia sufuria.

Iliwezekana. Utepe ulifunguliwa kwa heshima zote, sufuria likasukumwa chini ya gari, nati ikatoka na oili ya Oslo ikateremka kama chai ya rangi. Shangazi aligeukia mlimani asione. Baadaye alilisugua kwa mchanga, kwa sabuni ya unga, kwa machungwa yetu ya Segera, mpaka likang'aa kuliko lilivyotoka dukani, ila harufu ilikaa. Oili chafu fundi aliichukua akapake nguzo za banda lake, mchwa wasile. Tulipowasha, taa ikazima na mlio ukapungua. Ko ikawa moja moja.

Same tulifika jua limeshalainika. Mama wa binti alipokea sufuria kwa vigelegele, akafunua mfuniko, akanusa, akafunika. Mwanamke mwenye adabu sana. Baba wa binti yeye hakutazama zawadi wala mshenga. Alikuwa ameusikia mlio tangu getini, maana amestaafu ufundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge. "Kabla hatujaanza," alisema, "naomba kuona injini."

Wanaume wakatoka nje. Akasikiliza habari yote, akamgeukia Ba'mdogo bila kumcheka. Alimwambia maji ya injini hudhibitiwa na thamostati, yakae kwenye nyuzi 90 hivi, iwe Oslo iwe Same, kwa hiyo jua peke yake halikuiua ile oili. Kilichoishinda ni uzee. Chuma kimelika, nafasi kati ya chuma na chuma zimepanuka, oili ya 20 inapita humo bila kujenga presha, ukiongeza mzigo na kiyoyozi nayo inachemka zaidi na kuwa nyepesi zaidi. Kwa gari mpya ya kule uko sahihi kabisa, akasema, na hawa wa mjini wanaojaza 50 kwenye injini ndogo mpya za Kijapani nao wanakosea kwa upande wao. Vitabu vya magari ya zamani vilikuwa na mchoro wa nyuzi joto, oili kadhaa kwa mpangilio, unachagua kulingana na ulipo.

Ba'mdogo alipumua. Lakini ni mtu wa kutetea heshima yake, akasema ikishatengenezwa iwekewe basi walau 30.

"Hamsini," akasema baba wa binti.

"Hamsini ni nyingi mno, mzee wangu. Thelathini."

"Thelathini unaniangusha. Arobaini, na mbele iwe kumi na tano. Hapo sishuki."

"Arobaini, nimekubali."

Wakapeana mikono juu ya injini. Ndipo niliposikia kitu kikidondoka dirishani. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote, na sasa alikuwa sakafuni, anapepewa na mama wa binti kwa mfuniko wa sufuria.

Simu yangu ikaita. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa ya mtu anayelia.

"Kaka, shangazi amenipigia. Ng'ombe arobaini, na kumi na tano watangulie, mnataka niwatoe wapi?"