Kama hujahesabu pumzi za mgonjwa, acha wazi. Hiyo 20 unayojaza kwenye chati inaua watu

Jumanne nilienda kumuona mama mdogo, kalazwa toka Jumapili, anatapika, tumbo linamuuma, na kisukari anacho miaka mingi. Nikavuta kiti nikakaa, na kabla hata salamu hazijaisha macho yalishaenda kifuani kwake, maana nesi hata asipovaa yunifomu macho yake hayajui kupumzika. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepandisha mlima na ndoo kichwani, na yuko kalala! Kifua kinapanda juu kabisa, kinashuka chini kabisa, hakipumziki, mwendo uleule. Nikatazama saa dakika nzima. 32. Nikachukua chati. RR, yaani idadi ya pumzi kwa dakika, 20. Jana asubuhi 20, jana jioni 20, usiku 20. Kitanda cha jirani chati iko wazi hapohapo, nayo 20.

Nikamfuata sista wa zamu, binti mdogo na mpole tu, nikamwambia mdogo wangu, mama anapumua 32 na pumzi zenyewe ni ndefu hivi. Akaja na kile kimashine cha kidoleni, akanionyesha, "98 hii dada, mbona oksijeni iko vizuri." Ni kweli ilikuwa 98, kwa sababu mapafu ya mama hayakuwa na shida yoyote! Aliishiwa insulini nyumbani akakaa kimya, damu ikajaa asidi, na mwili unahangaika kuipunguza kwa kutoa kabonidayoksaidi nyingi kadiri unavyoweza, ndo hizo pumzi ndefu zisizokatika. Kussmaul, daktari Mjerumani, aliziandika mwaka 1874 akiwaangalia wagonjwa wa kisukari kwa macho yake tu. Dokta alipokuja mkojo ukapimwa, ketoni zimejaa, zile asidi mwili unazotengeneza ukikosa insulini, dripu na insulini zikaanza usiku uleule. Mama yupo, anaongea, anadai uji.

Sasa hii 20 inatoka wapi? Kila aliyefanya kazi wodini anajua. Presha mashine inasoma, joto kipimo kinasoma, mapigo yanakuja na oksimita, ila upumuaji unataka macho ya mtu na dakika yake nzima. Kwa hiyo unajazwa kutoka kichwani, na inawekwa 20 kwa sababu mtu mzima kawaida yake ni 12 mpaka 20, haimshtui dokta, haimshtui metroni, inapita.

Nimeiandika na mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, wodi ya wanaume, saa kumi usiku, kulikuwa na baba mmoja nilimwandikia 20 nikiwa nimesimama mlangoni, nikapita kitanda kinachofuata. Kufika saa kumi na mbili ameshaondoka. Mpaka leo sijui saa ile alikuwa anapumua ngapi, na hakuna mtu yeyote atakayekuja kujua, kwa sababu kwenye chati kuna 20 kwa mwandiko wangu.

Halafu kuna wale wanaohesabu sekunde 15 wanazidisha mara nne. Afadhali kidogo, nakubali, lakini upumuaji unaobadilika hauwezi kuukamata hivyo. Cheyne, daktari wa Dublin, mwaka 1818 alimwelezea mgonjwa ambaye pumzi zilikuwa zinasimama kabisa robo dakika, zinaanza tena taratibu, zinapanda mpaka anahema kwa nguvu, zinashuka, zinasimama tena, na mzunguko wote ni kama dakika moja yenye pumzi karibu 30. Mhesabu huyo kwa sekunde 15, ukiangukia pale aliposimama unapata sifuri, ukiangukia pale anapohema utapata namba kubwa kuliko ukweli, na popote utakapoangukia hujaona kwamba pumzi za huyu mtu zinapanda na kushuka na kusimama, wakati hilo ndo lilikuwa jambo lenyewe la kumwambia dokta.

Na tusihesabu tu, tuangalie. Mgonjwa katoka theatre kachomwa mofini au pethidini, dawa kali za maumivu zinazopunguza pumzi, "amelala vizuri," kumbe anapumua mara 8 kwa dakika. Mwenye pumu aliyekuwa anapiga filimbi kifuani ghafla kimya na amechoka, huyo hajapona, hewa ndo haipiti. Na yule asiyeitika, anayefungua mdomo mara mojamoja kama samaki aliyetolewa majini, hapo hapumui, ita msaada uanze kubonyeza kifua.

Najua mtaniambia tuko wachache. Ni kweli, nimeshawahi kukaa usiku peke yangu na wagonjwa 38, dakika moja moja kwa kila mmoja ni zaidi ya nusu saa na bado dawa, bado dripu, bado ndugu wanaokuita. Sikatai. Basi wahesabu wale wa kifua, wa homa kali, wa kisukari, waliotoka theatre, na watoto, na wale uliowakosa ACHA WAZI. Kisanduku kitupu kinamwambia anayepokea zamu kwamba huyu hajahesabiwa, anza naye. Ukiandika 20 unamwambia huyu yuko salama, na wewe hujui kama yuko salama.

Dakika yenyewe haina ugumu. Ukimaliza mapigo usiachie mkono, endelea kushika kana kwamba bado unahesabu mapigo, macho yako yawe kifuani au kwenye kanga inavyopanda, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake anazibadilisha. Mtoto msubiri atulie, asiwe analia wala kunyonya, na mfunue nguo uone kama kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu. Zahanati za kijijini wanaofuata IMCI, ule mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa, wanahesabu dakika nzima, wanajua mtoto anapumua haraka kupita kawaida akifikisha: chini ya miezi 2 ni 60 na kuendelea, miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka mmoja mpaka miaka 5 ni 40. Kule wanaweza, sisi wodini tunashindwa nini?

Wasimamizi wa wodi nawaomba kitu kimoja, kwenye ripoti ya asubuhi someni safu ya RR kwa sauti, kitanda kwa kitanda. Vitanda 12 vikisomeka 20, 20, 20, zamu isitoke kwanza, irudi na saa ikahesabu.