Peni Yangu Si Mali ya Umma

Mimi ni karani wa mzigo pale Uyole, Mbeya. Viazi vinashuka kutoka milima ya Uporoto, Isyonje na Kikondo huko, vinapakiwa kwenye Fuso, vinakwenda Dar es Salaam kuwa chipsi. Kazi yangu ni kusimama na daftari nichore mistari: gunia moja mstari mmoja, la tano linawakata wenzake kwa ubavu. Kazi hii haitaki shahada. Inataka peni. Na peni, jamani, ndicho kitu pekee ambacho mtu wa nchi hii akikiona mfukoni mwa mwenzake anaamini kimenunuliwa kwa kodi yake.

"Karani, nisaidie peni mara moja."

Hiyo mara moja ndiyo iliyonizeesha. Mtu huyohuyo ukimwomba elfu mbili atakuhoji utalipa lini na kwa nini hukwenda kwa ndugu zako. Peni anachukua bila hata kusema asante. Anaandika namba ya simu kiganjani, anaipiga, inapokelewa, anaanza kutembea huku anaongea, na wewe unabaki unautazama mgongo wake ukielekea Mafiati ndani ya bajaji.

Wapo wanaorudisha, na wengine wao heri wasingerudisha. Kuna mzee mmoja wa kupakia, namheshimu sana. Akiazima peni haandiki kitu. Anakaa juu ya gunia, anafumba jicho moja, anaipeleka sikioni, anaizungusha taratibu mpaka uso wote unalegea. Halafu anainuka, ananirudishia kwa mikono miwili: "Ndaga fijo, karani," yaani asante sana. Mikono miwili! Utamkatalia vipi mzee anayekupa kitu kwa mikono miwili? Napokea kwa ncha za vidole, naifuta kwenye gunia, maisha yanaendelea.

Sisemi peni ya plastiki haina heshima yake. Ile Bic Cristal ya Wafaransa, yenye mwili unaoonyesha wino, iliingia sokoni mwaka 1950, na mpaka leo kuna mtoto Mbalizi anafanyia mtihani. Kale kagololi ka kwenye ncha kanatengenezwa kwa kabaidi ya tungsteni, kitu kigumu kiasi cha kuwekwa kwenye vichwa vya kutobolea miamba. Na kile kitundu cha kwenye kifuniko kipo ili mtoto akikimeza, hewa iendelee kupita. Wazo zuri kabisa, ila huku kwetu vifuniko havifiki kwa watoto. Vinatafunwa na watu wazima, tena wenye vyeo vyao, wakiwa kwenye vikao.

Shida yangu mimi ni Julai. Wino wa peni hizi una mafuta. Ndiyo maana mvua ikidondokea daftari maandishi hayakimbii, na ndiyo maana ukiweka karatasi ya kaboni unaweza kugandamiza ukapata nakala ya maana. Peni ya jeli inateleza vizuri, inaandika kwa madaha, lakini ipe kaboni uone: nakala ya juu barua ya mapenzi, nakala ya chini ukungu. Sasa mafuta hayo yakikutana na baridi ya asubuhi ya Uyole yanakuwa mazito kama mafuta ya nazi yaliyogandia chupani. Unaipumulia ncha, unaisugua kati ya viganja, unaiweka kwapani. Mtu mzima, mwenye familia, unatamia peni.

Siku moja ilikataa katikati ya mzigo. Vibarua hawakusubiri wino. Gunia likishanyanyuliwa ni lazima liende. Mimi nikaendelea kuchora hivyo hivyo, mistari inaingia kwenye karatasi bila rangi, nikitegemea itazinduka mbele ya safari. Haikuzinduka. Mwisho wa kupakia dereva anasema ameona magunia thelathini na kidogo, vibarua wanasema arobaini kamili, na wao wanalipwa kwa gunia. Wote wananigeukia. Nikafungua daftari: nusu ya ukurasa mistari, nusu ya ukurasa mweupe.

Nikaenda kwa mama wa chai, nikaomba kipande cha mkaa kilichozimika, nikaulaza ubavuni na kuusugua juu ya ukurasa polepole. Mistari ikaanza kutokea, myeupe ndani ya weusi, mitano mitano, mpaka wa arobaini. Vibarua wakapiga vigelegele. Dereva akaangalia ukurasa, akaniangalia mimi, akasema yeye kwao hizo kazi hufanyika usiku. Akalipa, lakini tangu siku ile haniiti karani. Ananiita babu.

Tajiri yeye hakujali uchawi. Alishika daftari kwa vidole viwili akauliza nimelitumia kupikia nini.

Ndipo nikaanza kutafuta peni ya chuma, ya kukaa nayo kila siku, ya kudumu. Ukitaka kujua watu wana elimu kiasi gani, tangaza pale kijiweni kwamba unataka kununua kitu. Fundi simu alisema nichukue titaniamu kwa sababu ndiyo inayotengenezewa ndege. Nikamwuliza mimi na ndege wapi na wapi, mimi nakanyaga matope ya viazi. Mwingine akasema stenlesi, haipati kutu. Kweli, haipati kutu, lakini ishike saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai bila glavu, utadhani umeshika kitasa cha mochwari. Kinyozi akaniambia alumini, nyepesi, ina rangi nzuri, nyekundu, bluu. Rangi hiyo ukiiweka mfuko mmoja na funguo inachunika ndani ya wiki, na njia za skrubu zikila mchanga zinakwaruzana mpaka peni haifunguki wala haifungi.

Mimi nikachagua shaba ya njano, ile ya makoki ya maji, ingawa nayo asubuhi ni baridi vilevile. Wakanicheka. Eti nzito! Ndiyo, nzito, na hapo ndipo walipokosa shabaha. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, titaniamu 4.5, stenlesi kama 8, shaba ya njano inafika 8.5. Maana yake kifuko cha peni, yaani mwili wake wa nje, kikiwa na umbo lilelile, cha alumini kikawa na gramu 15, cha shaba kinakwenda 47. Mkopaji akikitia mfukoni, shati linalala upande. Anatembea hatua tatu anajiuliza, mbona naegemea kushoto? Anapapasa, anakuta peni ya watu. Uzito ndio unaomkumbusha, si dhamira. Dhamira nimeshaisubiri sana.

Kinachoniuma ni kwamba shaba yenyewe inapita mbele ya macho yangu. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na nyekundu ndiyo hiyo ya Zambia inayoingilia Tunduma kwenye maroli na kupita Uyole kwenda bandarini, mabamba yamefungwa minyororo. Reli ya TAZARA nayo ilijengwa miaka ya sabini ili shaba hiyo ifike baharini. Inapita hapa bure, inapanda meli, inakerezwa ughaibuni, inarudi kwangu ikiwa na urefu wa kidole na bei ambayo sitaitaja, kwa sababu mama watoto naye anajua kusoma.

Nilimfuata fundi wa kukereza vyuma pale Sido, kwenye karakana za viwanda vidogo, nimwulize kama anaweza kunitolea moja kwenye koki mbovu. Akaipima koki kwa macho, akasema kifuko anakitoa kabla ya chai, lakini mrija wa wino utaukata upande gani? Nikaona huyu anajua kazi. Kifuko ni sifa. Mrija ndio peni. Parker walipotoa Jotter yao mwaka 1954 mrija wake ukaja kuigwa na viwanda vingi, na leo kifuko kinachopokea mrija wa namna hiyo, wa milimita 98 hivi, hakifi njaa hata kiwanda kilichokitengeneza kikifilisika. Kifuko chenye mrija wake peke yake ukinunua, wino ukiisha una kipande cha bomba.

Tatizo mrija huo kitaalamu unaitwa G2. Na kampuni moja ya Japani ina peni ya jeli, nayo jina lake ni G2, na mrija wake ni mrefu zaidi kwa zaidi ya sentimita moja. Nikamwagiza shemeji aliye Dar mrija wa G2. Akanitumia kwa basi, nauli ya kifurushi imeishinda bei ya mrija, nikaenda stendi usiku kuupokea. Ulipoingia, kichwa kikabaki nje kama kinachungulia mvua. Nikampigia. Akasema, "Kaka, si uliniambia G2? Kata kidogo." Ukikata mrija wa jeli, shemeji, unapata mkono wa bluu na fundisho la bure. Nilikata simu, mrija nikauacha.

Kwenye kufungua na kufunga nako kuna vita. Ya kubonyeza ni rahisi, mkono mmoja unatosha, lakini mpe mtu peni ya kubonyeza kwenye kikao cha ushirika uone kama mtasikia hoja yoyote. Ta-ta, ta-ta, ta-ta, mpaka springi inatoka inakimbilia chini ya viti na watu wazima wanapiga magoti kuitafuta. Ya kifuniko, kifuniko kinapotea. Ya kuzungusha, wakopaji wa kwetu hawaamini kwamba inazungushwa, wanavuta. Nilichukua ya kuzungusha. Wavute mpaka wachoke.

Pale kijiweni hawakuishia hapo. Yule fundi simu alileta ile hadithi: Wamarekani walipoteza mamilioni kutengeneza peni ya kuandikia angani, Warusi wakabeba penseli. Watu wote wakacheka, wakatingisha vichwa kuwahurumia Wamarekani. Sasa mimi nilishatafuta habari hizi usiku kucha, nikamwambia kaka, kaa chini. Wamarekani nao walianza na penseli. Ile peni aliibuni Paul Fisher kwa fedha zake, ikatoka mwaka 1965, ikaenda na chombo cha angani cha Apollo 7 mwaka 1968, na Warusi wakaja kuinunua 1969. Penseli ikivunjika ncha kule juu, unga wake unaelea, na unga wa penseli unapitisha umeme. Mrija wa Fisher umefungwa, ndani una naitrojeni inayousukuma wino kwa nyuma, kwa hiyo hausubiri mvutano wa dunia. Unaandika ukiwa umelala chali, unaandika kwenye baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri. Uyole hatujafika huko, ingawa vibarua wanabisha.

Hilo la kusukuma wino mimi ndilo lililonigusa kuliko hayo ya angani. Karani hana meza. Naandika daftari nimelikandamiza kwenye bodi la Fuso, peni imelala au inatazama juu, na peni ya kawaida ikikaa hivyo wino unarudi nyuma, gololi inazunguka kavu. Na kuna kipande cha kuunganishia kinachofanya mrija wa Fisher ukae kwenye kifuko cha namna ya Parker. Fundi simu akanyamaza kidogo, kisha akasema, basi na wewe ungetumia penseli. Gwe! Penseli kwenye daftari la kuhesabia magunia? Mbele ya madereva wale? Si heri nimwachie tu kifutio aandike mwenyewe!

Basi peni ikaja. Ya njano, inang'aa, imeniegemeza kushoto. Mkono ukitoka jasho inanukia sarafu za zamani, na baada ya majuma machache ikaanza kufifia kuwa ya kahawia, mama watoto akaisugua kwa limau na majivu bila kuniuliza. Nilitaka ibaki na weusi wake wa kazi. Akasema nyumba yake haikai kitu kichafu.

Na ule uzito nilioutegemea? Umewafanya watu waipende zaidi. Wasiojua kuandika wanaiomba. "Karani, hebu niishike tu." Anaishika, anaipima mkononi, anampa mwenzake, naye anaipima, wanakadiria ikiuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu itatoa kiasi gani. Mmoja alifungulia soda. Yule dereva wa siku ya mkaa aliondoka nayo na kweli akahisi kuegemea, ila alihisi akiwa Makambako, akanipigia simu kuniambia ameihisi. Ikarudi na gari jingine.

Nikaona benki wana akili kuliko wote, wao peni yao wanaifunga kamba. Nimechukua kamba ya kushonea magunia, nimefunga upande mmoja kwenye kibanio cha peni, upande mwingine kwenye kifungo cha koti, urefu wa kiganja na nusu. Ukitaka kusaini, karibu. Unakuja unasimama kifuani kwangu, unasaini hapo hapo, tunapumuliana, unakwenda zako. Mkusanya ushuru ni mrefu, kwa hiyo akisaini yeye mimi napanda juu ya gunia. Yule mzee wa masikio alijaribu mara moja. Ilibidi tuinamishe vichwa pamoja, tukatazamana kwa karibu sana, akaona aibu, akatafuta njiti ya kibiriti.

Mambo yakaenda vizuri mpaka alipokuja dada mmoja mnunuzi kutoka Dar. Amepakia Fuso mbili, nakala tatu kila moja, karatasi ya kaboni, inabidi agandamize. Na Uyole watu hawana kazi. Jioni nafika nyumbani nakuta chakula kimefunikwa vizuri na mama watoto amekaa pembeni, anashona kwa utulivu usiokuwa wake, kwenye goti amelaza ile futi ya kupimia vitambaa. Hakuuliza habari za kazi. Akasema tu, bila kuinua macho, "Lete hilo koti nipime kamba."

Kesho naongeza nusu mita.